Mzazi na Kipaji cha Mtoto



Liko swali ambalo walimu huulizwa na wazazi kila mwaka, nayo maneno yake hayabadiliki sana. Baba mmoja husema, "Daftari nalimnunulia kwa ajili ya hesabu, naye amelijaza hadithi za wafalme na majini." Mama mwingine husema, "Kijana wangu ametoboa kopo, amelifunga nyuzi, na kutwa anapiga. Hata kuni hakumbuki." Kisha wote wawili huuliza: Nimwache au nimkataze?

Wako wazazi wanaolijibu swali hilo kwa fimbo. Wako wanaolijibu kwa kicheko. Tena wako wengi wasiolijibu kabisa. Humwacha mtoto na mchezo wake mpaka utakapokwisha wenyewe, kama moto wa mabua. Wahenga walisema, "Udongo uwahi ungali maji." Lakini mfinyanzi anayewahi udongo hana budi ajue anafinyanga nini, asije akauvunja mtungi akidhani anaunyosha.

Basi mwezi huu napenda kuwaeleza habari za nyumba mbili za Uingereza ambazo watoto wake walisaidiwa katika kuandika na katika muziki. Hazikuwa nyumba za matajiri. Ya kwanza ni nyumba ya kasisi aliyefiwa na mkewe. Ya pili ni nyumba ya fundi wa kupiga viatu vya farasi, na mjukuu wake alikuwa mwana wa Mwafrika. Nimezichagua kwa sababu ndani yake mna mema ya kuigwa, na mna mambo ya kuogopwa pia.

BABA ALIYETOKA KATIKA UMASKINI

Patrick Brontë alizaliwa tarehe 17 Machi 1777 katika wilaya ya Down, Ayalandi, naye alikuwa kifungua mimba katika watoto 10 wa mkulima maskini. Alijifunza kwa bidii hata akaanza kufundisha watoto wa shule angali kijana wa miaka 16. Kasisi mmoja aliona akili yake akamsaidia, na mwaka 1802 akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge, hali amekwisha kuwa na miaka 25. Baadaye akawa kasisi. Mwaka 1811 alitoa kitabu kidogo cha mashairi aliyoyatunga mwenyewe. Basi mtu huyu aliijua kalamu, tena aliijua njaa ya elimu, kwa kuwa alikuwa ameionja.

Mwaka 1820 alihamia Haworth, kijiji kilicho juu ya vilima vya baridi na upepo katika kaskazini ya Uingereza. Alikuja na mkewe Maria na watoto 6: Maria, Elizabeth, Charlotte, Branwell, Emily na Anne. Haukupita muda mrefu mkewe akaugua, akafa mwezi wa Septemba 1821. Yule mdogo, Anne, alikuwa hajatimiza miaka 2. Dada wa marehemu akaja kukaa nao ili awalee watoto wa nduguye, asiwaache mpaka alipokufa mwenyewe mwaka 1842. Ni vema kumtaja mama huyu, maana mara nyingi husifiwa baba peke yake, na hali nyumba ilisimama kwa mikono ya shangazi, au mama mkubwa kama tusemavyo sisi.

KINYAGO

Kasisi Brontë alitambua ya kuwa watoto wake wanajua mambo mengi kuliko wanavyosema, kwa sababu walikuwa na haya mbele yake. Je, alifanya nini? Hakuwakaripia wala hakuwaambia, "Semeni!" Alichukua kinyago cha kuvaa usoni kilichokuwamo nyumbani, akawaambia wasimame mmoja mmoja, kila mtu ajifunike uso kwa kinyago kile na kujibu swali lake bila hofu. Mwenyewe aliyasimulia mambo hayo katika barua, miaka mingi baadaye.

Alianza na Anne, aliyekuwa na umri wa miaka 4 hivi, akamwuliza mtoto kama yeye anahitaji nini zaidi. Akajibu: umri na kuyazoea mambo ya dunia. Akamwuliza Emily afanyeje na Branwell, kakaye, akiwa mtundu. Akajibu ya kwamba kwanza azungumze naye kwa hoja, na akikataa hoja, amchape. Akamwuliza Charlotte ni kitabu gani kilicho bora duniani. Akasema Biblia. Na cha pili? Akasema, kitabu cha viumbe, yaani ulimwengu wenyewe. Na Maria, mkubwa wao, alipoulizwa njia iliyo bora ya kuutumia wakati, alisema ni kuutumia katika kujiweka tayari kwa maisha ya heri yasiyo na mwisho.

Angalieni, ndugu. Kinyago kile hakikuwa na gharama. Lakini baba aliyetaka kusikia alipata njia ya kusikia. Watoto wengi wa kwetu hunyamaza mbele ya baba kwa adabu, na adabu ni njema. Walakini baba asiyesikia hata siku moja mawazo ya mwanawe atajuaje kilichomo ndani yake? Bibi zetu walilijua jambo hili tangu kale. Jioni walitega vitendawili, na mtoto aliyekuwa bubu mchana alipata ulimi usiku.

ASKARI 12 WA MTI

Mwaka 1824 mabinti wanne wakubwa walipelekwa katika shule moja ya bweni. Chakula kilikuwa kibaya, na baridi ilikuwa kali. Maria alirudishwa nyumbani mgonjwa wa kifua kikuu akafa mwezi wa Mei 1825. Elizabeth akamfuata mwezi wa Juni. Mmoja alikuwa na miaka 11, wa pili 10. Baba akawachukua Charlotte na Emily akawarudisha nyumbani. Wakabaki wanne, mkubwa ana miaka 9 na mdogo 5, katika nyumba ambayo dirisha lake lilitazama makaburi.

Basi mwezi wa Juni 1826 Kasisi Brontë alikwenda mji wa Leeds kwa shughuli zake. Aliporudi usiku alimletea Branwell kisanduku chenye askari 12 wa mti. Asubuhi Branwell akaenda na askari wake mpaka kwa dada zake, na kila mmoja akajichagulia askari wake na kumpa jina. Charlotte akamwita wake Wellington, jina la jemadari wa Waingereza. Branwell akamwita wake Bonaparte.

Mchezo ule haukukoma. Watoto waliwatungia askari wale safari, wakawajengea mji, wakawawekea wafalme, sheria, vita na magazeti. Na nchi waliyoibuni waliiweka wapi? Pwani ya Afrika ya Magharibi, katika upande wa Ashanti, kwa kuwa walikuwa wamesoma habari za nchi zile katika vitabu na magazeti. Bila shaka Afrika yao ilikuwa ya kubuni tu. Hawakuwa wamemwona Mwafrika wa Ashanti wala jua lake. Lakini inapendeza kujua ya kuwa katika kijiji kile cha baridi watoto walizungumza Afrika kila siku.

Kisha wakaanza kuandika. Karatasi ilikuwa ghali Uingereza wakati huo, maana ilitozwa kodi, na kodi hiyo haikuondolewa mpaka mwaka 1861. Kwa hiyo watoto walikusanya vipande, hata karatasi za kufungia sukari, wakavikata, wakavishona kwa uzi, wakafanya vijitabu vilivyotosha kushikwa na askari wa mti. Vingine havikuzidi urefu wa sentimeta 6 na upana wa sentimeta 3 na nusu. Waliandika kwa herufi ndogo mno zinazofanana na chapa ya mashine, wakaweka jina la kitabu, jina la mtungaji na hata matangazo ya biashara, kama gazeti la watu wazima. Mtu mzima mwenye macho dhaifu hakuweza kuzisoma herufi hizo. Basi dunia yao ikawa siri yao.

Mwaka 2019 kimoja cha vijitabu hivyo, alichokiandika Charlotte mwaka 1830 akiwa na miaka 14, kilinadiwa mjini Paris. Kilinunuliwa kwa euro 600,000, mbali na ada za mnada, kikarudishwa Haworth, katika nyumba ile ile ya kasisi, ambayo tangu mwaka 1928 imekuwa makumbusho. Wako wazazi ambao karatasi kama ile wangewashia moto wa asubuhi.

ALIYOYAFANYA BABA, NA ASIYOYAFANYA

Hatusomi ya kwamba Kasisi Brontë aliwaketisha watoto akawaambia, "Tungeni hadithi." Wala hatusomi ya kwamba aliwapokonya vijitabu vyao ili avikague. Aliyoyafanya ni haya.

Kwanza, aliiacha rafu yake ya vitabu wazi. Watoto walisoma vitabu vyake, mashairi, safari na historia, na magazeti yaliyoingia nyumbani. Pili, alizungumza nao habari za dunia wakati wa chakula, mambo ya Bunge na ya vita, kama azungumzavyo mtu na watu wenye akili. Tatu, aliwaacha watembee vilimani wakaone majani, ndege na mawingu. Nne, alitafuta walimu kadiri ya uwezo wake. Mwaka 1833 au karibu na hapo kinanda kililetwa nyumbani, na mwaka 1834 kinanda kikubwa kikawekwa kanisani. Emily akawa mpigaji hodari kuliko ndugu zake, Anne akapiga na kuimba kwa sauti laini, na Branwell akajifunza kinanda cha kanisa na filimbi. Kile kinanda cha nyumbani kingali kinaonyeshwa katika makumbusho ya Haworth.

Tano, alidai kazi safi. Mwaka 1833 Charlotte alikuwa na miaka 17. Baba akampa daftari, na ndani yake akaandika kwa mkono wake agizo ya kuwa kila kitakachoandikwa humo kiwe kwa mwandiko mzuri, wa wazi na wa kusomeka. Nalipenda neno hilo. Hakusema, "Acha kuandika." Alisema, "Andika, lakini andika vema." Mwalimu apate mfano hapa. Mtoto akileta shairi lenye vina vilivyovunjika, tusianze kwa kucheka. Tumwonyeshe ubeti mmoja ulio mzima, kisha tumwambie aufanye wa pili ulingane na wa kwanza.

Tena hakuwadanganya kwamba kalamu itawalisha. Alimkumbusha Charlotte mara nyingi asiache kazi za mikono na wajibu wake. Charlotte mwenyewe aliyasema hayo mwaka 1837, alipojibu barua ya Robert Southey, mshairi wa mfalme. Alikuwa amempelekea Southey mashairi yake ili apate shauri, na mshairi yule akamjibu ya kuwa uandishi hauwezi wala haupasi kuwa kazi ya maisha ya mwanamke. Charlotte alimshukuru kwa adabu, akaihifadhi barua. Miaka 10 baadaye wasomaji wa London walikuwa wakiulizana ni nani aliyeandika kitabu chake.

MWANA ALIYETUMAINIWA

Sasa imetupasa kusema jambo la huzuni. Katika nyumba ile mtu aliyetumainiwa kuliko wote hakuwa Charlotte wala Emily. Alikuwa Branwell, mwana wa kiume wa pekee. Baba alimfundisha nyumbani Kilatini na Kiyunani. Alimlipia mchoraji stadi kutoka Leeds ili amfundishe kuchora sura za watu. Kijana alikuwa na vipaji vingi: aliandika, alichora, alipiga muziki, alizungumza hata watu wa kijiji wakapenda kumsikiliza klabuni. Na kila mtu alimwambia kuwa atakuwa mtu mkuu.

Alifungua chumba cha kuchora mjini Bradford mwaka 1838, kisishinde mwaka mwingine. Akawa karani wa reli, akafukuzwa mwaka 1842 kwa sababu ya hesabu zilizopungua. Akawa mwalimu wa nyumbani, akafukuzwa mwaka 1845 kwa aibu. Akajitia katika ulevi na afyuni. Baba yake, mzee wa miaka 71 aliyekuwa amekwisha kuwazika mke na mabinti wawili, alilala naye chumba kimoja ili amlinde usiku. Branwell alikufa tarehe 24 Septemba 1848, na umri wake miaka 31.

Sitaki mtu aseme kuwa vipaji ndivyo vilivyomharibu. Dada zake walikuwa na vipaji vile vile. Tofauti mojawapo ni hii: wao walifundishwa toka utoto kumaliza kazi, kushona, kupika, kufundisha watoto wa watu wengine kwa mshahara mdogo, kisha jioni wakaandika. Yeye alisifiwa kabla hajamaliza. Sifa ni kama chumvi. Mtoto huihitaji, lakini chungu kikijaa chumvi hakiliki.

Na liko la pili. Katika nyumba nyingi, za kule na za kwetu, mtoto wa kiume ndiye anunuliwaye daftari, na binti akaambiwa ateke maji. Kasisi Brontë aliwapa mabinti zake vitabu na kinanda, na katika hilo aliwapita wazazi wengi wa zamani zake. Hata hivyo fedha ya mchoraji na matumaini makubwa vilikwenda kwa mwana. Waliobaki wakiandika kimya katika chumba cha kulia ni mabinti, nao ndio waliolitukuza jina lake.

KITABU KILICHOANDIKWA KWA SIRI

Mwaka 1846 mabinti watatu walitoa kitabu cha mashairi kwa majina ya kubuni, wakailipa gharama kwa fedha waliyoachiwa na mama mkubwa. Katika mwaka wa kwanza ziliuzwa nakala 2 tu. Hawakukata tamaa.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule Charlotte alimsindikiza babaye mjini Manchester, kwa maana macho yake yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho. Alipasuliwa akiwa macho, bila dawa ya usingizi, kisha akalazwa wiki nyingi katika chumba cha giza. Siku ile ile ya kupasuliwa, Charlotte aliletewa kitabu chake cha kwanza, kimekataliwa na mchapaji. Akiwa amekaa kumwuguza mzee katika nyumba ile ya kupanga, alianza kuandika kitabu kingine. Hicho ndicho *Jane Eyre*, kilichotolewa tarehe 16 Oktoba 1847. Mwezi wa Desemba vikafuata *Wuthering Heights* cha Emily na *Agnes Grey* cha Anne.

Baba hakujua neno. Kitabu kilipokwisha kupata sifa, Charlotte aliingia chumbani mwake akamwambia ya kuwa ameandika kitabu na angependa akisome. Mzee akasema anaogopa mwandiko wa mkono utamwumiza macho. Akaambiwa kwamba kimekwisha kupigwa chapa. Mzee akashtuka, akauliza kama bintiye hakufikiri hasara, maana nani atakinunua kitabu cha mtu asiyejulikana? Ndipo Charlotte akamsomea maneno ya magazeti yaliyokisifu. Baba akakichukua, akakisoma, na jioni wakati wa chai akawaambia wengine ya kuwa Charlotte ameandika kitabu, nacho ni bora kuliko alivyotazamia.

Furaha ile haikudumu. Emily alikufa Desemba 1848, Anne Mei 1849, na Charlotte Machi 1855. Mzee akaishi mpaka tarehe 7 Juni 1861, akafa na miaka 84, amefiwa na watoto wake wote 6. Alipofiwa na Charlotte alimwomba Elizabeth Gaskell, mwandishi na rafiki wa bintiye, aandike habari za maisha yake, naye akaziandika mwaka 1857. Hiyo ilikuwa kazi ya mwisho aliyomtendea mwanawe: kuhakikisha kwamba habari zake zinasemwa kwa kweli.

BABU, FIDLA NA MJUKUU

Nyumba ya pili ilikuwa Croydon, karibu na London. Tarehe 15 Agosti 1875 alizaliwa London mtoto aliyeitwa Samuel Coleridge-Taylor. Baba yake, Daniel Taylor, alikuwa daktari Mwafrika kutoka Sierra Leone, akarudi Afrika. Mtoto akalelewa na mama yake, Alice, na babu yake, Benjamin Holmans. Mzee huyo kazi yake ilikuwa kupiga viatu vya farasi, na jioni alipenda kupiga fidla.

Babu alimfundisha mjukuu wake kuishika fidla angali mdogo. Alipoona mtoto anaelekea kumpita, hakuona wivu wala hakujidai kuwa yeye atosha. Alimlipia masomo kwa mwalimu. Mtoto akaimba katika kwaya ya kanisa, na alipofika miaka 15, yaani mwaka 1890, jamaa wakajitahidi akaingia Chuo cha Muziki cha Mfalme mjini London. Kule aliiacha fidla akashika utungaji.

Tarehe 11 Novemba 1898, akiwa na miaka 23, wimbo wake mkuu wa kwaya na vyombo, *Hiawatha's Wedding Feast*, uliimbwa mara ya kwanza, na ukaenea katika Uingereza na Marekani. Watu weusi wa Marekani walimwona kuwa fahari yao. Alikwenda kwao mara 3, mwaka 1904, 1906 na 1910. Lakini ndugu, sikieni: wimbo ule alikuwa amemwuzia mchapaji moja kwa moja kwa gini 15. Ziliuzwa nakala nyingi mno, naye hakupata sehemu yake. Alifanya kazi bila kupumzika, kufundisha, kuongoza kwaya na kutunga, mpaka alipokufa kwa ugonjwa wa mapafu tarehe 1 Septemba 1912, na umri wake miaka 37. Mjane wake alipewa na mfalme posho ya pauni 100 kwa mwaka. Habari hiyo iliwashtua watungaji wengi, na mwaka 1914 kikaundwa Uingereza chama cha kukusanya malipo ya watungaji kila nyimbo zao zinapopigwa hadharani.

Babu alimpa mtoto fidla, na chuo kikampa elimu ya utungaji. Lakini hakuna aliyemfundisha kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi. Leo vijana wetu hutunga nyimbo za kwaya, hurekodi, na kuziacha zikauzwa na mtu mwingine. Nchi zetu za Afrika Mashariki zina sheria za hakimiliki. Mzazi asiyeujua muziki hata kidogo aweza kumsaidia mwanawe kwa kuuliza habari za sheria hizo.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwa habari hizi mbili nafikiri mzazi na mwalimu waweza kushika mambo machache.

1. Mpe mtoto kitu kidogo, kisha umwachie nafasi. Askari 12 wa mti walitosha. Daftari moja lisilo la shule, kalamu, zeze la kopo, au ruhusa ya kukigusa kinanda cha kanisa siku ya Jumamosi, si mzigo mkubwa kwa nyumba nyingi.

2. Msikilize. Akikusomea hadithi yake, weka chini kazi yako kwa dakika 10. Usimsahihishe kila neno. Muulize, "Na kisha ikawaje?"

3. Usichukue kazi yake ikawa yako. Leopold Mozart, babaye Wolfgang, alikuwa mwalimu bora wa fidla, na kitabu chake cha kufundishia alikitoa mwaka 1756, mwaka aliozaliwa mwana huyo. Lakini toka mwaka 1763 aliwatembeza watoto wake wawili mjini kwa mjini kwa muda wa zaidi ya miaka 3, wapige mbele ya wakuu, nao wakaugua sana Uholanzi hata karibu ya kufa. Na Nannerl, binti yake, aliyesifiwa sawa na nduguye, alipokua aliachwa nyumbani. Mtoto si mbuzi wa maonyesho.

4. Mfundishe kumaliza. Hadithi moja fupi iliyokwisha ni bora kuliko vitabu vitatu vilivyoanzwa. Na kazi za nyumbani zifanywe kwanza. Maji ya mtungi hayaletwi na wimbo.

5. Ukimzidi elimu, mfundishe; akikuzidi, mtafutie mwalimu. Babu wa Croydon na akukumbushe hilo.

6. Usimpime binti kwa kibaba kidogo.

7. Ukiwa na hofu kwamba kipaji hakitamlisha, hofu yako si upumbavu. Mfundishe kazi nyingine pamoja nacho. Charlotte, Emily na Anne wote walifundisha watoto kabla ya kutoa vitabu. Lakini kumfundisha mtoto jembe si sababu ya kumvunjia zeze.

Si kila mtoto aandikaye hadithi atakuwa Charlotte, wala kila mpiga kopo hatakuwa Samuel. Wengi watakuwa wakulima, mafundi, wauguzi na walimu, nao wataandika barua nzuri, wataongoza kwaya, watawasimulia wana wao hadithi jioni. Hilo nalo ni pato. Nyumba ya Haworth ingekuwa nyumba njema hata kama London isingalisikia habari zake, kwa sababu watoto waliofiwa na mama walipewa mahali pa kuitia huzuni yao, wakaigeuza kuwa mji, wafalme na safari.

Basi, jioni ya leo, baada ya chakula, mwulize mwanao kama ana hadithi au wimbo alioutunga. Akisema hana, usimlazimishe. Akisema anao, zima redio, ukae chini, usikilize mpaka mwisho.